Nifundishe Mimi Kwanza

Afungi, 2 Septemba 2025

Kwa mpwa wangu Zuleica, daktari wa kesho,

Assalamu aleikum. Mimi mjomba wako mzima, nakula, nalala, na tumbo linanitangulia mlangoni. Wa kuulizwa ni nyinyi huko Palma: wewe, mama yako, na goti la mama yako. Limepoa? Mwambie dada yangu aiache ile baiskeli, si umri wake.

Barua yako nimeipata kwa Gildo, dereva wa gari la mboga. Alinikabidhi juu ya kreti la saladi za kijiji cha Mute, pembeni imelowa, lakini nimeisoma yote. Kwa hiyo simu umempa mama yako aifungie kabatini mpaka ufanye huo mtihani wa kuingia chuo kikuu! Mpwa wangu, mimi nimetembea. Nimekaa Mtwara, nimepika Unguja kwenye hoteli ya Wataliano, nimeshuka Durban na meli nikavaa koti refu kama waziri. Kote huko sijaona msichana aliyetoa simu yake kwa hiari. Mimi yangu niliibiwa Durban, nikalia mbele ya polisi. Basi tutaandikiana barua kama watu wa zamani, na Gildo atakuwa posta yetu. Nimemuahidi sambusa.

Sasa sikiliza maneno ya mtu aliyeiona dunia. Unasema kitabu cha biologia ni kinene na Kireno chake kigumu. Kinene kwa nani? Si wewe uliyehifadhi juzuu amma meno ya utoto hayajakutoka, mpaka tukachinja mbuzi? Kichwa ni kile kile. Fanya kama madrasa: kaa mkekani, soma kwa sauti, anza ukurasa wa kwanza, rudia, rudia, mpaka kitabu chote kikae kifuani. Januari ukifika Pemba, hii yetu si ile ya jirani na Unguja, kwenye mtihani, unafungua mdomo tu, kinatoka chenyewe.

Hapa jikoni nimeshawaambia wote kwamba mpwa wangu ni daktari. Zeca, yule Mmakonde anayekata nyama, akauliza, "Daktari wa wapi?" Nikamwambia, "Wa Pemba. Tena wa moyo." Akasema, "Mbona juzi ulisema ndiyo kwanza kamaliza darasa la kumi na mbili?" Nikamwambia, "Kata nyama, Zeca."

Mimi ndimi mpishi mkuu wa kambi hii ya wafanyakazi wa gesi, ukiwatoa wale wawili walio juu yangu. Mtu wa cheo changu hawezi kuwa na mpwa wa kubahatisha. Soma.

Mjomba wako,
Abdurrazaque


Palma, 14 Septemba 2025

Shikamoo mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta na afya yako na tumbo lako mahali pake. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, na kuhusu baiskeli anasema goti ni lake na baiskeli ni yake.

Mjomba, ushauri wako nimeufuata. Kila baada ya alasiri nakaa mkekani, nasoma biologia kwa sauti, na sauti yenyewe imeshika mahadhi ya madrasa bila mimi kutaka. Nikifika mwisho wa sentensi naivuta kama aya. Jirani yetu Mama Sumaia alisimama ukutani akasikiliza, akaniuliza hii sura gani, mbona yeye hajawahi kuisikia. Domingas, rafiki yangu aliyetoka Diaca ninayesoma naye, alicheka mpaka akakaa chini. Yeye anasoma ukurasa mmoja, anafunga kitabu, halafu anajiuliza maswali na kujijibu mwenyewe kama mtu aliyegombana na mumewe. Kati yetu nani mwehu, tutaona.

Nikwambie na la moyoni. Mtihani ni huu mmoja tu. Nina miaka ishirini na mbili. Miaka ile tuliyokimbia vita tukalala kwenye mahema imekula madarasa yangu, na wenzangu sasa wana watoto. Mama amesema mwaka huu ananiachia nisome, nisishike kazi yoyote. Lakini nikikosa, basi, nitafute kazi kama watu, hata usafi huko kwenu kambini. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku ananimenyea chungwa. Ndiyo maana naogopa zaidi.

Asante kwa kuniamini, mjomba. Ila hiyo ya daktari wa moyo, ungepunguza kidogo.

Mpwa wako,
Zuleica


Afungi, 1 Oktoba 2025

Daktari,

Wa aleikum salamu. Mimi bado mzima, Mungu ashukuriwe, na nimefurahi mpaka wali umeungua chini.

Nilimsomea Zeca barua yako, sehemu ile ya Mama Sumaia ukutani. Akasema, "Huyo mtoto ataswalisha hospitali." Nakutumia kalamu kwa Gildo, za wino mzito, nimeomba kwa watu wa ofisini. Niliwaambia ni za daktari mmoja.

Kupunguza siwezi. Nikipunguza, nitabaki na nini cha kusema? Maliza kitabu, uanze kingine.

Mjomba wako,
Abdurrazaque


Afungi, 24 Oktoba 2025

Zuleica mpwa wangu,

Hujambo? Hawajambo nyumbani? Gildo amekuja mikono mitupu. Nikamuuliza, "Barua?" Akasema, "Hakuna barua, kuna kabichi." Labda unasoma sana. Vizuri. Lakini andika hata mstari mmoja, nijue mko wazima.

Mjomba


Afungi, 8 Novemba 2025

Zuleica,

Salamu nyingi. Kabichi tena.

Kama mtu anaumwa, sema. Kama umekasirika, sema vilevile. Ukiolewa bila kuniita, hapo ndipo usiseme.

Mjomba wako anayekuwaza


Palma, 15 Novemba 2025

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima. Hakuna mgonjwa, hakuna arusi. Nisamehe kwa kunyamaza. Nilikuwa sijui niandike nini.

Mwezi uliopita Professor Lázaro, anayetusaidia Jumamosi pale shuleni, alitupa mtihani wa majaribio, kama ule wenyewe wa Januari. Mjomba, niliingia na kitabu chote kifuani. Wallahi chote. Nikafungua karatasi, swali la kwanza linatoka katikati ya sura ya nne. Nikajaribu kulikamata, halikamatiki. Maana mimi nimekijua kitabu kama kamba: ukitaka cha katikati lazima nianze kuvuta kutoka mwanzo. Basi nikaanza mwanzo, kimoyomoyo, na mahadhi yake. Midomo inatikisika. Nikifika karibu na jibu, nimeshasahau swali. Narudi kusoma swali, kamba imenitoka mkononi, naanza tena. Professor Lázaro akapita, akadhani naomba dua, akaniacha kwa heshima. Muda ukaisha.

Nilichopata hata kukuandikia naona haya. Domingas, yule wa kujisemesha, amepata vizuri.

Aliporudisha karatasi, professor aliniita pembeni. Akasema, "Zuleica, umekariri. Hukuelewa." Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Mjomba, mtihani ni Januari, muda umebaki kidogo, na sijui nianzie wapi. Waambie wenzako jikoni daktari ameahirisha. Na tafadhali niulizie huko, kama kuna nafasi ya usafi au ya kuosha vyombo. Sisemi kwa hasira. Nataka tu mama asingoje bure.

Mpwa wako,
Zuleica


Afungi, 18 Novemba 2025

Mwanangu Zuleica,

Salamu za huku ni njema, za kwako zimenichoma. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kati ya friji na friji, pale watu wasipopita.

Nafasi ya kuosha vyombo ipo. Nimemwambia msimamizi mpwa wangu haji. Akasema, "Nani kakuuliza?" Nikamwambia, "Hakuna. Nimekujulisha."

Sasa ushauri wangu wa madrasa umeungua, tuutupe kwa mbuzi. Mimi sina mwingine. Lakini jana Zeca aliniuliza kitu nikashindwa, na unajua mimi kushindwa kujibu kunaniletea homa. Kila siku nakata matango ya saladi. Nikiyatia chumvi nikageuka kidogo, narudi nakuta bakuli limejaa maji. Maji hayo sikuyatia mimi. Zeca, ambaye huniita mestre, yaani fundi mkuu, akauliza, "Mestre, hayo maji yanatoka wapi, na kwa nini yanangoja chumvi?" Nimekata matango katika nchi tatu, sijui. Nilimjibu kwamba ni siri ya wapishi wa Unguja. Hakuamini.

Wewe ndiye mwenye kitabu cha viumbe. Tango si kiumbe? Basi nifundishe. Nifundishe mimi kwanza, halafu ndiyo uache. Kwa Kiswahili, kwa mtu aliyeishia darasa la tano na akalala kwenye nusu ya hilo darasa.

Mjomba wako,
Abdurrazaque


Palma, 24 Novemba 2025

Shikamoo mjomba,

Asante kwa kutoniulizia kazi, ingawa ndiyo niliyoiomba. Mama amecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Goti lake limepata nafuu.

Jibu la tango ni rahisi, liko sura ya pili: "Osmose é a passagem de água, através de uma membrana semipermeável, do meio menos concentrado para o meio mais concentrado." Mwambie Zeca ndiyo hivyo.

Mpwa wako,
Zuleica


Afungi, 27 Novemba 2025

Mpwa wangu,

Salamu na heri. Nimemsomea Zeca. Akavua kofia, akaitikia, "Amen."

Zuleica, hilo ni jibu au ni ubani? Mimi nimeuliza kuhusu tango. Humo ndani tango liko wapi? Maji yametoka wapi, yamepita mlango gani, na chumvi imeyaambia nini? Hujanifundisha. Umenipigia kengele ukaenda zako.

Andika tena. Na kitabu ukifunge kabisa, mpe mama yako akikalie.

Mjomba wako mbishi


Palma, 5 Desemba 2025

Shikamoo mjomba,

Natumaini hamjambo, wewe na Zeca na matango yenu.

Nataka nikwambie ukweli: barua yako ilinikera. Niliikunja nikaitupa kwenye kapu la vitunguu. Nikasema, mtu hajui kitu, halafu anakataa jibu la kitabu! Jioni mama akiwa anapika nikachukua tango, nikalikata, nikatia chumvi, nikakaa kulitazama kama mtu anayengoja mgeni. Maji yakaanza kutoka. Mjomba, mstari ule nimeuimba tangu Septemba. Siku zote hizo sikujua kwamba unasema juu ya kitu ninachokila.

Sasa sikiliza, kitabu kakikalia mama.

Tango ni vyumba vidogo vidogo vingi mno, huvioni kwa macho, na kila chumba kimejaa maji. Ukuta wa ndani wa kila chumba ni ngozi nyembamba sana. Ngozi hiyo inaruhusu maji kupita, lakini inaizuia chumvi. Ukimwaga chumvi juu, nje kunakuwa na chumvi nyingi kuliko ndani. Chumvi haiwezi kuingia kirahisi ikagawana na walio ndani. Basi maji ndiyo yanatoka kuifuata, kidogo kidogo, mpaka ndani na nje vikaribiane. Ndiyo maana bakuli linajaa, na ndiyo maana tango linalegea: vyumba vimekuwa vitupu.

Nilipofika hapo nikasimama, nikaita "Mama!" kwa sauti mpaka akaja mbio na goti lake. Maana nilielewa kitu kingine ambacho hukuniuliza. Mtu akinywa maji ya bahari kiu inazidi, kwa sababu hiyo hiyo! Hakuna aliyenifundisha hilo, limekuja lenyewe.

Mjomba, uliza jingine. Tafadhali.

Mpwa wako,
Zuleica


Afungi, 17 Desemba 2025

Mwalimu wangu,

Wa aleikum salamu. Tumbo zima, mwili mzima, kichwa kimeongezeka.

Barua ya tango nimeisoma mezani watu wakila. Niliyasema kana kwamba nimeyagundua mimi, mpaka Zeca akanyoosha kidole: "Mestre, soma na jina la chini." Basi nikasoma jina lako. Fundi umeme mmoja akauliza: kama chumvi inakausha, samaki wa baharini mbona hawakauki? Jikoni pakawa bunge. Mmoja akasema samaki hanywi maji. Mwingine akasema anakunywa ila hamezi. Mimi nikasema samaki ana dini yake. Hakuna aliyekubali, hata mimi.

Kwa hiyo swali ni la samaki. La pili ni la Zeca: kwa nini nyama ngumu ikipakwa papai inalainika, na papai likipikwa kwanza hailainiki? La tatu ni langu: damu inakwenda wapi ikichoka?

Na jambo jingine. Ile ya tango nimeisahau. Usicheke. Nilijua vizuri wiki ile, leo imebaki nusu. Nieleze tena, kwa kifupi, bila kutazama barua ya kwanza. Na kila ukiniandikia jambo jipya, nirudishie na moja la zamani. Mimi ni gunia lenye tundu, unanijaza kwa juu nakuvujia kwa chini.

Ahsante, mwanangu. Tangu nitoke shule hakuna mtu aliyenifundisha kitu bila kunifokea.

Mjomba na mwanafunzi wako,
Abdurrazaque


Palma, 3 Januari 2026

Shikamoo mjomba,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa bunge lako lote. Sisi tuko salama, mvua imenyesha vizuri.

Samaki na papai nilikujibu kwa ile barua ya kabla ya sikukuu. Ya damu nimekuwekea humu, karatasi ya pili, na nyuma yake nimekurudishia tango. Umeniweza kwa hila yako ya gunia, maana nilipoandika tango mara ya pili nikakuta mahali nilipokuwa sijui vizuri. Nikafungua kitabu kutafuta hapo tu, nikafunga. Domingas anasema ndivyo anavyofanya yeye siku zote, ila yeye anajivujia mwenyewe, hahitaji mjomba. Nimemwambia ana hasara.

Siku hizi tunakaa wawili. Mmoja anakuwa mimi, mmoja anakuwa wewe. Domingas akiwa wewe ananiudhi kweli kweli: "Umenipigia kengele ukaenda zako! Tango liko wapi?" Anakuiga na tumbo. Biologia tunaichanganya na kemia, hatumalizi moja ndipo tushike nyingine, kwa sababu Professor Lázaro anasema mtihani hauji umepangwa kama sahani kabatini. Ametupa na mitihani ya miaka iliyopita, tunaifanya kwa saa yake, mama ndiye anayesema "weka kalamu chini". Anaipenda mno kazi hiyo. Mara ya kwanza muda ulitushinda wote wawili. Sasa nikikuta swali gumu naliruka, nalirudia baadaye.

Sikariri tena kwa mahadhi. Mama Sumaia ameuliza kama nimeacha dini.

Wiki ijayo naondoka kwenda Pemba. Naogopa, mjomba. Ile Oktoba niliogopa kwa kuwa sikujua kama najua. Sasa naogopa huku najua ninachojua na nisichokijua. Ni woga mwingine kabisa.

Niombee.

Mpwa wako,
Zuleica


Pemba, 17 Januari 2026

Shikamoo mjomba,

Natumaini mko wazima huko. Mimi mzima, nimechoka, nimekula mkate na samaki wa kukaanga kwa mpigo mmoja.

Mtihani umekwisha. Nilifuata maneno ya professor: siku ya mwisho sikufungua kitabu, nikasuka nywele za binti wa mwenyeji wetu, nikalala mapema. Asubuhi chumba kilijaa watu kama arusi, ila hakuna aliyecheka. Kijana wa mbele yangu alikuwa anatikisa midomo, mbio mbio, anavuta kamba yake. Nikatamani kumshika bega.

Biologia, mjomba, nilikutana na mambo ambayo hayamo katika kitabu chetu. Swali moja lilikuwa la mche uliotiwa mbolea nyingi mno ukanyauka siku ile ile, kwa nini? Sijawahi kulisoma popote. Nikakusikia: "Mlango gani? Chumvi imeyaambia nini?" Nikalijibu. Kama ni sahihi sijui, lakini nililijibu kwa akili yangu.

Kemia ilinitoa jasho. Kuna ukurasa mzima nimeuruka, nikaurudia, na hata niliporudi haukunipenda. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kitu. Nafasi za udaktari ni chache na watu ni wengi. Ikiwa sikupita, nimemwambia mama nitakuja kuosha vyombo bila kununa, na nitaendelea kujibu maswali yenu nikiwa huko huko jikoni.

Lakini nataka ushukuriwe kabla majibu hayajatoka, ili usije ukasema nakushukuru kwa sababu ya majibu. Wewe hukunipa jibu hata moja. Uliniuliza, ukakataa, ukaniuliza tena. Asante, mjomba wangu. Mpe Zeca asante yake.

Mpwa wako anayekupenda,
Zuleica


Afungi, 23 Februari 2026

Mwanangu Zuleica,

Ramadhani njema kwako na kwa mama yako. Swaumu yangu inakwenda salama. Mchana mdomo unakauka, maneno yanapungua, na jikoni wote wanamshukuru Mungu.

Barua yako ya Pemba nimeiweka ndani ya foronya. Sikuijibu kwa sababu kila nikianza naona napiga majigambo, na mambo yalikuwa bado. Leo naijibu.

Jana kabla ya magharibi Gildo alifika na gari lake. Hakuleta barua. Alishuka akaliacha linaunguruma, mlinzi anamwita "Ewe! Ewe!", yeye haangalii nyuma. Akasema, "Mestre, jina lake lipo. Udaktari, Nampula. Na yule Domingas, uuguzi, hapo hapo." Akasema mama yako alimsimamisha kwa kusimama katikati ya barabara, mikono juu. Gildo alidhani kuna vita.

Mimi nilikuwa juu ya sufuria la uji wa futari. Nikamwambia Gildo, "Sawa." Neno hilo tu. Akanitazama. Nadhani alitegemea zaidi, hata mimi nilitegemea zaidi. Nikaendelea kukoroga.

Unajua mpishi aliyefunga haonji. Mwezi huu Zeca, asiyefunga, ndiye ulimi wetu. Nikamwita, "Zeca, onja." Akaonja. Akalamba kijiko, akanitazama usoni. "Uko sawa, mestre," akasema.

Adhana ikalia, watu wakala tende, wakajimiminia uji. Na mimi nikachukua kikombe changu. Zuleica, uji hauna sukari. Hata chembe moja. Kopo la sukari nilikuwa nimelikumbatia kwapani muda wote huo, kama mtoto. Nikainua macho. Watu wa kambi hii unawajua kwa barua zangu: chai ikipoa wanaandika malalamiko, wali ukishikana wanamwita mkubwa. Walikuwa wanakunywa. Kimya, kila mmoja na kikombe chake. Yule fundi umeme akasimama akaenda kuongeza.

Nikamfuata Zeca. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia, mestre."

"Ni moshi," nikasema.

"Jiko la gesi hili."

Nikamwambia, "Kata nyama, Zeca." Akasema, "Nyama imeisha."

Zuleica, ulinishukuru kabla ya majibu, na mimi nakushukuru baada yake. Mimi nimeishi miaka yangu nikijibu hata nisichoulizwa. Ni wewe uliyenipa raha ya kutojua kitu, nikaketi, nikangoja mtu mdogo kwangu anieleze, nikaelewa. Watu wa hapa wameelewa pamoja nami. Sasa wakibishana kitu wanasema, "Ngoja tumwandikie." Nenda Nampula, soma. Ukichoka, usijibu. Ukipata nafasi, kuna swali kuhusu ini, litakungoja.

Mwisho nikuambie hili. Nikiwa nakusanya vikombe, mfanyakazi mmoja mgeni, ameingia wiki hii tu kutoka Mocímboa, akaniuliza, "Mzee, wanasema una mpwa daktari. Ni kweli?"

Jiko zima likaacha kazi. Zeca akaweka kisu chini kabisa, akakunja mikono, anangoja.

Nikamwambia yule mgeni, "Bado. Ndiyo anaanza kusoma."

Halafu nikachukua lile sufuria nikaenda kuliosha mimi mwenyewe.

Mjomba wako,
Abdurrazaque